Mkaguzi wa Bustani za Mtaa Wetu

Jirani yetu wa ukuta wa mashariki tulimwita Mkaguzi, naye aliitika kama mtu aliyezaliwa na jina hilo. Alikagua skuli miaka mingi kabla ya kustaafu. Nani alimzaa, wapi, na alifikaje Maskati, hayo watayasema wanawe. Mimi namjua tangu alipostaafu. Mkewe alitusimulia kuwa asubuhi ya kwanza ya mapumziko yake aliamka kama kawaida, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akatia kalamu mfukoni, akakaa sebuleni mpaka saa nne akisubiri kitu cha kukagua. Wiki ya pili akaanza na bustani za mtaa.

Mtaa wetu wa Bawshar ni wa nyumba kubwa na kuta ndefu, na kila nyumba imebakiwa na ukanda wa udongo baina ya ukuta na mashine za viyoyozi. Wengine wametandika vigae hapo wakaegesha gari la tatu. Sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja tumelima, maana hatukubali kuwa mchicha wa dukani ni mchicha. Kila Jumamosi baada ya Alasiri Mkaguzi alitoka na daftari lenye jalada gumu, akabisha mlango mmoja baada ya mwingine. Aliokota udongo, akaufinya, akaunusa, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaandika alama kati ya kumi na kukusomea kwa sauti. Kumi hakuwahi kuitoa. Kumi, alisema, humfanya mtu alale.

Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Jirani mmoja alituma picha ya biringani lake la kwanza kwenye kundi la mtaa katika simu. Watu wakamwandikia mashallah na kumwombea baraka. Mkaguzi akaandika: "Sita. Majani yana kiu." Yule jirani alitoka kundini kwa hasira, akarudi siku ya tatu na picha ya biringani lile lile likiwa limeshamwagiwa maji.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa amepanda kitu maishani mwake. Sikuwahi kuona udongo kwenye kucha zake. Siku moja mama yangu, ambaye hana subira na watu wa maneno, alimuuliza mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa lini. Alijibu kwa upole kabisa kwamba mkaguzi hasomeshi. Mkaguzi huangalia kama watu wanasomeshwa. Mama akasema ndiyo maana skuli zimekuwa vile zilivyo. Mkaguzi akacheka mpaka akatoa leso.

Lakini huyo huyo, baba yangu alipofariki, siku zote tatu za matanga alisimama uani kwetu akiosha vikombe vya kahawa. Watu wazima wenye vyeo walikuja kumpokea, akawarudisha sebuleni. Vikombe vilikuwa vinarudi vimekauka na kung'aa, na nina hakika alivikagua kimoja kimoja.

Bustani ya nyumbani kwake ilikuwa ya mkewe, Bi Zuwena. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza, nyanya za baridi zikishachoka, Bi Zuwena aling'oa miche yote mikavu, akaulima udongo, akauchekecha kutoa kokoto, kisha akaumwagilia mara mbili tatu mpaka ile chumvi nyeupe ya juu ikazama chini. Samadi ya mbuzi alikuwa ameilaza pembeni tangu kiangazi, ikawa nyeusi na haina harufu. Baada ya hapo hakuinua matuta kama watu wengine. Alichimba majaluba, vishimo bapa vyenye kingo kama sinia, ili maji yakae pale pale penye mizizi. Alijifunza kwa wanawake wa huku, miaka ya mwanzo alipofika, na tangu hapo hakubadilisha.

Mkaguzi alimkata alama kwa majaluba hayo kila mwaka. Kitabuni, alisema, mboga hupandwa juu ya tuta, na jaluba ni la mpunga. Bi Zuwena alikuwa anamsikiliza huku akitia mbegu. Mtaa mzima tulikula bamia zake na mchicha wake, ule wenye mshipa mwekundu katikati ya jani, ambao mbegu zake alikuwa anaziweka kila mwaka katika kopo la maziwa ya unga. Na kila mwaka mumewe alimpa saba.

Kuhusu jina la majira hayo walibishana pia. Bi Zuwena aliita rabii, kama Waarabu. Watoto wa skuli waliita majira ya kuchipua. Mkaguzi hakukubali lolote. Alikuwa akieleza kwamba Unguja kuna masika na vuli, mtu anajua lini anyeshewe; hapa kuna baridi ya kuvaa koti na joto la kufunga madirisha, na hicho kinachopita katikati ni wiki kumi tu, hazistahiki jina. Hata hivyo zilipokaribia wiki hizo kumi, aliyekuwa wa kwanza kupita mitaani akiuliza nani amelima na nani amelala alikuwa yeye.

Mimi alinipa nne. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, nafanya kazi katika duka la dawa huko Azaiba, nikirudi jioni nimechoka. Nililima kwa sababu nilitaka kuwa na kitu cha kufanya na mikono ambacho hakiulizi maswali. Jumamosi moja mama alikuwa na wageni, wanawake wanne wa kwetu, wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Mkaguzi akaingia, akatazama bamia zangu zilizodumaa, akaandika. Kisha, kwa vile aliona ana hadhira, akaeleza sababu ya alama ile.

"Kitu kisichokaliwa hakistawi," akasema. "Bustani na ndoa ni mamoja."

Sidhani alikusudia kuniumiza. Nadhani aliona ni mfano mzuri. Wageni wakatazama vikombe vyao. Mimi niliingia ndani, na tangu siku ile nikawa siufungui mlango siku ya Jumamosi. Alibisha wiki mbili, ya tatu hakubisha.

Bi Zuwena ndiye aliyekuja, siku chache baadaye, na sahani ya mchicha wa nazi na karatasi iliyokunjwa.

"Usimsikilize," akanambia. "Mie nna miaka arubaini naye, nane sijaiona. Chukua mbegu hizi, mwanangu, upande kwa raha zako."

Nikashukuru. Lakini hasira zilikuwa bado zimenijaa, na alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikaimwaga karatasi ile nyuma ya tangi la maji, pale linapodondoka tone la kiyoyozi, nikarudi ndani. Naona haya kuliandika hili. Zilikuwa mbegu za mwanamke aliyenifanyia wema, na mimi nilizitupa kwa sababu ya mumewe.

Hasira zilinichukua mwaka mzima. Mwishowe mama alisema amechoka kuishi na ukuta, tukamfungulia. Mkaguzi aliingia kama mtu aliyekuja jana, akazunguka mpaka nyuma ya tangi, akarudi akitikisa kichwa. Kulikuwa na magugu huko, akasema, yameachwa mpaka yametoa maua na kumwaga mbegu. Akanikata alama moja. Nikawa na tatu.

Bi Zuwena alifariki kiangazi kilichofuata, katikati ya joto, siku ambazo watu hawatoki nje baada ya saa tatu za asubuhi. Moyo ulisimama akiwa amekaa. Mkaguzi hakulia mbele za watu. Kwenye matanga ya mkewe alitaka kuosha vikombe, wanawe wakamkalisha. Bustani iliungua yote kwa sababu hakuna aliyekumbuka kufungua mfereji wa maji, na miezi ile hakuna aliyekaguliwa. Tulidhani tutafurahi, lakini mtaa ulikaa kama darasa lililoambiwa mwalimu hatakuja tena.

Mwezi wa pili ulipoingia, nilisikia jembe upande wa pili wa ukuta. Nikapanda kiti nikachungulia. Mkaguzi alikuwa analima, kanzu ameipandisha mpaka magotini, kitabu kimefunguliwa juu ya kizingiti kimewekewa jiwe kurasa zisipeperuke. Alikuwa anainua matuta. Yalikuwa matuta mazuri, yamenyooka kama mistari ya daftari. Nikamwambia Ammi, ngoja tuje tukusaidie. Akasema ahsante, amejitosheleza.

Hapa lazima nimtaje Robina. Huyu alikuwa mwanamke wa Kiganda, wa Masaka, mwenye umri kama wangu, aliyekuja kumwangalia mama baada ya miguu yake kukataa. Nyumbani kwao alikuwa na watoto wawili na shamba la maharage, na alikuwa haogopi mtu. Mkaguzi alikuwa akimsahihisha Kiswahili chake kila wanapokutana. Robina alikuwa akisema "nakujaga", yeye anasema "huja", Robina anasema sawa mzee, kesho nitakujaga tena.

Siku hiyo ya matuta, Robina alisimama mlangoni akanusa. Mkaguzi alikuwa ameagiza samadi ya kuku, ikaletwa mbichi, magunia sita, na mtaa mzima ulijua. Robina akazunguka ukuta akamwendea.

"Mzee, hii mbolea bado ni moto," akamwambia. "Itachoma mbegu. Wacha ikae kwanza."

Mkaguzi alimwambia kwamba sentensi ni sahihi, ila hoja haina ushahidi. Robina akarudi. Akaniambia yeye ameshasema, na mtu mzima akishaambiwa mara moja ni mwenye masikio yake.

Yaliyofuata tuliyaona sote kwa siku kumi. Maji aliyomwagia yaliteremka pande zote mbili za matuta na kwenda kulisha vigae. Juu ya udongo kukarudi ukoko mweupe wa chumvi. Mbegu chache zilizotoa kichwa zilisimama siku mbili, zikawa manjano, zikalala. Nilidhani ni mbegu za dukani. Ana pensheni yake, nikajiambia, atanunua nyingine.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu bila daftari. Hilo peke yake lilimfanya mama aniite nitoke jikoni. Alikaa kwenye kiti cha barazani, akakataa kahawa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akatoa kopo la maziwa ya unga mfukoni mwa kanzu, akalifungua, akalipindua juu ya kiganja. Hakikutoka kitu.

"Nlizitia zote," akasema. "Sikubakisha. Nliona anayejua kazi habakishi."

Akatueleza kwamba zile bamia na ule mchicha Bi Zuwena alikuja nazo kutoka Unguja, ameziweka mkononi mwake mwaka hadi mwaka, na hakuna mahali pengine zilipo. Amekwenda kwa wauza miche wote barabarani, wamemwonyesha mchicha wa kila namna, wenye mshipa ule hawana. Nilimwona anafunga lile kopo, kifuniko kinakataa kukaa, anakijaribu tena.

Robina alikuwa anamkanda mama miguu. Hakuinua kichwa.

"Lakini hiyo mchicha ya mshipa iko hapa kwetu," akasema. "Iko nyuma ya tangi. Mimi naipikaga kila wiki."

Nilikuwa nimeyala majani yale miezi kadhaa, na sikuwahi kumuuliza Robina anayatoa wapi. Tukaenda wote watatu nyuma ya nyumba. Hapo penye tone la kiyoyozi ulikuwa umesimama, umefika kiunoni, umejipanda na kujipanda tena, jani kubwa lenye mshipa mwekundu katikati, na vichwa vya maua vimekauka vimejaa mbegu nyeusi ndogo kama vumbi la wanja. Bamia hazikuwepo. Bamia zilipotea kweli.

Mkaguzi alichutama. Alishika jani moja akaligeuza, akalitazama upande wa chini, kwa muda mrefu. Alikuwa amesimama mahali pale pale mwaka uliopita akaniambia ni magugu.

"Alikupa lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia alinipa siku zile za wageni, na kwamba sikuzipanda. Nilizitupa, kwa hasira, kwa ajili ya neno alilolisema mbele ya watu. Nilisema yote kwa pumzi moja. Robina akaondoka taratibu akatuachia nafasi.

Alibaki amechutama. Nilidhani atasema hakukumbuka, na hilo lingeniuma zaidi. Alikumbuka neno kwa neno. Akasema Bi Zuwena alimnyima maneno siku tisa kwa ajili yake, akimwekea chakula na kuondoka mezani.

"Alinambia nije nikutake radhi," akasema. "Nkamwambia ntakuja. Sikuja. Nnakutaka radhi sasa, mwanangu, na nnajua nimekuja kwa haja yangu."

Ilikuwa kweli kwamba amekuja kwa haja yake. Nilifikiri kidogo, nikaona kuwa radhi yenye haja ni bora kuliko ile isiyokuja kabisa. Nikaenda ndani nikaleta bahasha. Tukavipukusa vile vichwa pamoja, mimi nimeshika, yeye anasugua kwa kidole gumba, mpaka bahasha ikajaa nusu.

Safari hii hakulima peke yake. Robina alimwamuru abomoe matuta, naye akabomoa. Magunia ya samadi yakaburutwa kwenye kivuli yakafunikwa. Udongo wa juu ukakwanguliwa pamoja na chumvi yake, mwingine ukachekechwa, ukanyweshwa mara tatu. Majaluba nilichimba mimi, nikikumbuka nilivyomwona Bi Zuwena akichimba, na Mkaguzi alikwenda nyuma yangu akinyoosha kingo kwa rula. Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha. Tulikuwa tumechelewa karibu wiki tatu. Mchicha ulichipua siku ya tano. Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunambia, kisha akasema basi, ni hilo tu.

Tulikula mchicha wa Bi Zuwena mpaka katikati ya mwezi wa tano, jua lilipoushinda. Jumamosi moja kabla ya hapo alikuja na daftari lake. Alizunguka kwangu, akafinya, akanusa, akanisomea: tano. Robina alimwambia kwamba yeye hataki alama, na kama anataka kuandika kitu aandike barua kwa wale wa samadi. Mkaguzi alisema "kama unataka" hapo imetumika vizuri sana.

Miaka miwili baadaye wanawe waliona nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja. Mkubwa wao akamchukua kwake Madinat Sultan Qaboos, nyumba nzuri yenye uwanja wa vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Robina naye mkataba ulikwisha akarudi Masaka, na mbegu zile akazifunga ndani ya soksi. Msimu wa mvua ulipofika huko akatutumia picha kwenye kundi: mchicha umemzidi kimo, mshipa mwekundu unaonekana waziwazi, watoto wake wawili wamesimama katikati. Mkaguzi akaandika: "Nane." Niliiona kwa macho yangu. Baada ya dakika moja ujumbe ulifutwa, na mahali pake pakaja mwingine: "Saba."

Nilikutana naye mara ya mwisho mwaka huu, duka moja la vyakula karibu na kwa mwanawe. Mwezi wa pili ulikuwa ndio unaanza. Alikuwa amekonda, amepata fimbo, lakini kanzu ilikuwa imepigwa pasi na kalamu iko mfukoni. Alisimama mbele ya mboga za majani na kapu lina mafungu mawili ya mchicha. Nikamwamkia shikamoo Ammi, akanipa marahaba, akamuulizia mama, akauliza kama nimeshaunywesha udongo. Nikamwambia mara mbili. Akasema bado mara moja.

Nikamwambia aache hayo mafungu ya dukani, nitamletea wa Bi Zuwena wenyewe, ni wiki tano tu nitauvuna. Akatazama kapu. Kisha akanisogelea, kama mtu anayetaka kuuliza habari za dawa ambazo hataki wengine wasikie.

"Nkwambie kitu," akasema. "Mchicha siupendi. Sijaupenda hata siku moja. Miaka arubaini nnaula, yeye hajui."

Nikamuuliza huu sasa anaununua wa nini.

"Wa kula," akasema, akachagua fungu la tatu, akalikung'uta maji, akanambia nimsalimie mama.